Betri Zilizonifukuzia Mume

"Umeniulia mama, Garama!"

Nilimzaba kofi mbele ya waombolezaji wote, na mama yake mzazi amekaa pale pale mkekani...

Alishika shavu, akainama.

Jamani, mimi ni Kadzo wa Msambweni. Nisikilizeni.

Mume wangu Garama alichukua basi dogo kuukuu, akalitia kitanda, jiko na friji. Tukaishi humo, tukiwapikia wageni wanaopiga kambi Diani. Mama yangu, mgonjwa wa sukari, alipokuja kutoka Kinango, insulini yake ikakaa kwenye friji ile.

Betri za friji, zilizochajiwa na sola ya paani, Garama alizichagua mwenyewe, Ukunda.

"Za kuwashia gari hazifai, Kadzo. Friji yataka hizi nzito, zinazotoa umeme polepole. Usiache chaji ishuke chini ya nusu. Na kila mwezi fungua vifuniko. Maji yakipungua, ongeza yale ya chupa, ya dukani. Mengine yataziua."

"Nimesikia, mume wangu."

Nilisikia tu! Mwezi wa kwanza nikasema kesho. Wa pili, kesho...

Betri zikaacha kushika chaji. Tukilala, friji inazima. Jua likitoka, inawaka. Hatukugundua! Mama akawa anajidunga dawa iliyokwisha kuharibika kwa joto.

Tulimfikisha hospitali sukari imepanda mno. Siku ya tatu, akafariki.

"Betri zimekufaje?" nilimuuliza Garama matangani.

"Nilinunua kuukuu. Nisamehe."

Ndipo nikampiga. Nikamfukuza, akaenda zake kwao Jego.

Baada ya arubaini nilimwita fundi, mzee Dzombo, azitoe betri niliuze gari. Akazitazama, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hizi zilikuwa mpya. Zilitiwa maji ya kisima, ya chumvi."

"Na nani?"

Akaanza kufunga vifuniko...

"Na nani, baba?!"

"Mama yako. Aliona maji yamepungua, akataka kukusaidia. Alimwambia Garama pale hospitalini, tena kwa furaha: 'Mkwe wangu, nimezinywesha betri zenu.' Garama akanileta nizikague, kisha akaniomba nisiseme. Hakutaka marehemu alaumiwe. Wala hakutaka wewe ujilaumu, maana kazi ile ilikuwa yako."

Nikampigia simu palepale.

"Garama, nimejua."

Nikaongeza:

"Rudi nyumbani, tafadhali..."

"Lawama ningeibeba maisha yangu yote, Kadzo. Kilichoniumiza ni kwamba hukuuliza hata swali la pili. Uliamini upesi mno."

Akakata.

Mwezi wa tano huu, hajarudi.

Wenzangu, kazi uliyoachiwa ifanye siku yake, hata ikiwa ni maji kidogo ya betri. Na mtu wako akikubali kosa haraka kuliko kawaida yake, mkalishe chini, umuulize tena. Huenda anamsitiri mtu. Huenda ni wewe.