Wino Juu ya Ngozi

Sindano nne za mashine ziligusa mchoro wa wino wa fedha, zikapima ukinzani wake wa umeme, na papo hapo taa za mwako zinazouoka wino zikaongezewa nguvu. Hivyo ndivyo kiwanda cha Makambako kilivyooka saketi: chembe za fedha zikiiva hushikana, njia ya umeme hufunguka, ukinzani hushuka. Usiposhuka, mashine yenyewe huzidisha moto.

Mhandisi Sikudhani Mbwilo alifuatilia vipimo kwenye skrini, ghorofa ya juu. Alikuwa ameambiwa kwamba chini wanachapa saketi kwenye fulana za askari.

Siku hiyo mstari wa ukinzani ulishuka, ukaruka, ukashuka, ukaruka tena. Ulikuwa na mapigo.

"Bwana Kiwelu," alimwita meneja wake, "hiki si kitambaa. Kinapumua."

"Ongeza joto, Mhandisi. Mzigo unasubiriwa."

Akaongeza. Mstari ukatapatapa kama kuku aliyechinjwa. Sikudhani akaruka kitini, akashuka ngazi mbio, Kiwelu akimfuata kwa matusi.

Alipofungua mlango wa chumba cha tanuri, harufu ya nyama ilimpiga usoni. Kijana mwenye suruali ya gereza alikuwa amelazwa kifudifudi, mikanda imembana, mgongo mzima umechapwa saketi za kumwendesha kama roboti. Ngozi ilikuwa imetumbuka malengelenge. Kila sindano zilipoinuka, ziliondoka na kipande.

"Mama," alinong'ona, "niue."

"Sikuui, mwanangu." Akaanza kufungua mikanda.

Kiwelu alimkamata nywele, akambamiza uso kwenye pipa la wino. Jino likamtoka.

"Mfungwa huyu ni muuaji! Nani atamlilia?"

Pipa likapinduka, wino ukamlowesha Kiwelu mkono hadi begani. Sikudhani akaudaka mkono ule, akaupitisha kwenye mkanda uliofunguka, akaukaza kwa uzito wa mwili wake wote.

Sindano, zinazotafuta wino mbichi popote ulipo, zikageuka. Zikapima. Ukinzani uko juu. Taa zikawaka, Kiwelu akapiga yowe. Zikapima tena, moto ukazidi.

"Zima! Sikudhani, zima, nakuomba!"

Kitufe cha kuzima mashine kilikuwa karibu na kiwiko cha Sikudhani. Alikibonyeza, lakini si upesi kama ambavyo angeweza.

Taa zilipozimika, alimgeukia kijana amfungue mikanda iliyobaki. Kijana alikuwa ameona yote. Alijikunyata, asitake kuguswa naye.