Joto Chini ya Raba

Wewe umewahi kugusa bampa la gari lisilowashwa miezi mitatu, ukalikuta na joto la mwili wa mtu? Kama bado, usimcheke Fundi Raba.

Jina hilo alipewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kuzima mng'aro: wenye magari yenye kromu walimletea, naye akaifunika kwa raba nyeusi ya kupulizia, ile inayokauka ikawa kama ngozi, ukiichoka unaibandua kwa ukucha, na kromu inatoka kama ilivyoingia. Karakana iliegemea ubavu wa nyumba yake. Tangu mkewe afariki alikuwa akila amesimama, sufuria mkononi. Akiulizwa hali, alijibu, "Tunamshukuru Mungu," ingawa nyumba ile haikuwa na "sisi" tena.

Gari lao wenyewe, yeye na marehemu, lilikaa kwenye pembe ya karakana. Wiki moja baada ya kulipulizia bampa la nyuma, aliona raba imevimba upande wa kulia. Vivimbe vitano, virefu kama vidole. Akavigusa. Vuguvugu.

"Hewa tu," akajiambia.

Kesho yake saa saba mchana, mtaa umenyamazishwa na jua, alisikia raba ikibanduliwa polepole nyuma yake. Aligeuka, hakuna kilichobanduka. Ila harufu ilikuwepo: mafuta ya kupaka ya marehemu, yale ya kopo la bluu. Mtu mwenye akili angekimbia. Yeye alivuta kiti, akakaa karibu na bampa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akala ameketi.

Alikula hivyo siku tatu. Siku ya nne, vidole vikawa sita.

Tangu hapo kila alipojilaza mchana godoro lilibonyea upande wa marehemu, taratibu, kama mtu mzito anayejali asimwamshe mwenzake, kisha harufu ya mafuta ikaja na nyuma yake harufu ya raba mbichi, na kitu kikamshika mkono wa kulia na kuuvuta joto, kidogo kidogo, hata akiamka vidole vyake vilikuwa baridi na kucha za samawati, na kopo la kupulizia likamponyoka mbele ya mteja.

Dada yake, mwalimu mstaafu wa hisabati, alipouona mkono ule hakuuliza mara mbili. Alirudi na mganga.

Mganga alikuwa na simu mbili na kikohozi cha mtu muhimu. Alianza na husuda ya majirani, kama kawaida yao. Kivimbe cha sita kikajikunja, kikajikunjua. Simu zote mbili zikamdondoka.

"Huyu ni jini," alinong'ona, na sasa hakuwa akiigiza. "Kuna alama ya mtu imefungiwa humo. Jini ameivaa kama nguo ya marehemu. Aliyeifungia aseme kwa kinywa chake, kisha abandue. Asiposema, mkono huo ataupoteza, na mwenyewe aliyelala kaburini hatapumzika."

"Mdogo wangu," dada akasema kwa sauti ya chini, "ulifuta?"

"Nilifuta nini?"

"Usinifanye mtoto. Wifi alikuwa akituchosha masikio humu ndani: futa kwa spiriti kwanza, ukifunika uchafu umeufuga. Ulifuta?"

"Dada, mimi fundi wa miaka ishirini."

"Sikuuliza miaka."

Aliangalia sakafu. "Nilifuta."

Raba ikapanda na kushuka. Ikapumua.

"Vidole vya wifi vilikuwa vitano," dada alisema. "Nilivihesabu nikimwosha. Hicho cha sita ni cha nani?"

Hapo sauti ikatoka kwenye bampa, laini, sauti ya mkewe kabisa. "Mpenzi, usiseme. Utabaki peke yako."

Fundi Raba alifumba macho. Miaka kumi na minane ya ndoa, yule mwanamke hakuwahi kumwita mpenzi hata siku moja. Alikuwa akimwita "we bwana," na alilitamka vizuri kuliko wengine wanavyotamka mpenzi.

Alipiga magoti kwenye simiti. Kwa kidole kisichohisi kitu alitafuta ukingo wa raba, akauingizia ukucha. Ndani, kitu kilimshika.

"Siku ile nilipokuwa nampeleka hospitali," alisema, "alichoka kabla hajafika mlangoni mwa gari. Akaegemea bampa avute pumzi. Mkono ulikuwa na mafuta yake. Alama ikabaki kwenye kromu, vidole vyote, hata mistari. Miezi mitatu nilifagia karakana nzima, bampa silisogelei. Vumbi likaanza kuila."

"Sema," dada alinong'ona.

"Sikufuta, dada. Nilipulizia juu ya mkono wake. Nilitaka ubaki." Kisha akabandua.