Jiwe la Kupozea Mashine

Mmeniganda na kisa hiki mpaka nimechoka. Kila mjukuu akifika na kompyuta yake kwapani, kabla hajaniuliza nimeamkaje, anataka habari ya Mpiga Picha na jiwe lake, kama vile mimi ni redio ya kuwashwa na kuzimwa. Haya, naandika mara moja, msome, mniache nipumzike. Na anayetaka kunibishia kwamba majini hayapo, asinibishie mimi, akambishie Mpiga Picha. Ampe mkono kwanza.

Mpiga Picha alikuwa mtu wa harusi. Hakuwa mpenzi wa ndoa, hata yake mwenyewe aliitazama kwa jicho moja, lakini harusi za wenzake ndizo zilizomlisha. Mwisho wa wiki alipiga video, na siku zilizobaki alizikata na kuziunga nyumbani, katika chumba kidogo kilichotazamana na sebule, kwa laptop moja nzee yenye joto la tanuri.

Ukiiweka mapajani, unaungua. Ukiiweka kitandani, inajizima, kwa sababu godoro linaziba matundu inayopumulia, na Mpiga Picha alishangaa kila mara, kana kwamba yeye akifunikwa mto usoni angeendelea kuimba. Feni yake ya ndani ilinguruma kama mashine ya kusaga. Aliinyanyua kwa vizibo vya soda kwenye pembe zake. Akaielekezea feni ya mezani, ambayo mtoto ndiye aliyeihitaji. Akatandika taulo bichi chini yake, mpaka fundi akamuuliza kama anataka kuipoza au kuizamisha. Fundi huyo aliifungua, akatoa vumbi la kujaza mto, akamwambia ukweli: mashine imechoka, nunua nyingine au punguza kazi. Hakununua, na kazi hakupunguza. Ulikuwa msimu wa harusi, na watu walioana kama wameambiwa dunia inafungwa kesho.

Siku moja akawapeleka maharusi kwenye gofu. Wapiga picha ndio mtindo wao. Nyumba iliyobomoka, ambayo hata mbuzi haingii, wao ndiko wanakompeleka bibi harusi na gauni jeupe, eti kuta mbovu zinatoa picha nzuri. Jua lilikuwa la utosini. Bibi harusi akavua viatu vilivyombana, akakanyaga kizingiti, akaruka kando. Alisema jiwe lile ni kama limetoka kwenye friji. Watu wakacheka, lakini Mpiga Picha aliinama akaweka kiganja. Lilikuwa bamba jeupe, laini, ukubwa wake sawasawa na laptop, limelala kwenye kizingiti cha mlango usiokuwa na nyumba tena, na juani pale lilikuwa na baridi ya kuuma vidole. Maharusi walipotangulia kwenye gari, akaling'oa kwa stendi ya kamera.

Mwenye akili angejiuliza kwa nini jiwe lililoanikwa miaka yote halipati moto. Yeye alijiuliza tu kama litaenea kwenye begi.

Wa kwanza kuona kasoro alikuwa mama yake, aliyekuwa akikaa nao. Alikuwa sebuleni anashona kifungo, akainua kichwa akauliza mbona chumba kile kimenyamaza. Kweli, mashine ilikuwa inafanya kazi tangu asubuhi na haikutoa hata mkoromo. Mpiga Picha akawaita mmoja mmoja waje waguse. Mkewe akagusa, dada wa kazi akagusa. Laptop ilikuwa baridi, na jiwe chini yake baridi vilevile. Mama yake alibaki mlangoni na mikono nyuma.

"Na joto linakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mwanawe akamwambia hayo ni mambo ya sayansi. Yeye sayansi yenyewe alikuwa akiikimbia kwa kupitia dirisha la darasa, lakini mwana akishakua humfundisha mama yake kila kitu.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, wakimwita Kijino kwa ajili ya jino lililotangulia mengine, mwenye umri wa kuanza kubishana. Siku ya mapumziko Mpiga Picha alizima mashine, kwa mara ya kwanza tangu alete jiwe, akaenda kutembea. Alasiri ile watu walikuwa nje wanajipepea kwa makaratasi, na Kijino alikutwa kwenye mkeka akiwa baridi kama chupa ya maji, midomo imepauka, macho wazi. Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa, wakasema afunikwe. Baba mtu aliporudi na kuwasha laptop yake, mtoto alipata nafuu, akaomba chai. Bibi yake akamgeukia dada wa kazi, akasema huyo anamwogesha mtoto kwa maji ya bomba kwa uvivu wa kuchemsha. Binti wa watu alijitetea mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake Mpiga Picha aliizima tena, na papo hapo akasikia kutoka sebuleni meno ya mwanawe yakigongana. Akawasha. Meno yakatulia. Akazima. Yakaanza. Mwanamume mzima na ndevu zake alimjaribu mtoto wake kama mtu anayejaribu taa, na alipokwisha kuelewa, akanyamaza. Angeweza kulirudisha jiwe jioni ileile. Lakini mashine haikuwahi kumfanyia kazi namna ile, na maharusi walikuwa wanampigia simu kutaka video zao. Akajiambia kwamba maadamu haizimwi, hakuna litakaloharibika. Dada wa kazi akafungishwa virago mbele yake, naye akawa anatazama viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona.

Tangu hapo laptop haikuzimwa. Alifunga chumba kwa ufunguo akaweka ufunguo mfukoni. Umeme ukififia kidogo tu, alikuwa ameshasimama. Akimaliza harusi moja na nyingine bado, aliirudisha ileile ichakatwe upya, ili mashine isikae bure. Mkewe aliona yote hayo. Na mwanamke akiona mume analinda kompyuta hivyo, hafikirii jini, anafikiria mwanamke mwenzake. Akaanza kunusa mashati. Aliyakuta na harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, na chini yake harufu ya kinyesi cha popo na chokaa iliyolowa, akajiuliza ni kimada gani huyo anayejipaka masizi. Alimuuliza mume kwa nini chumba kinafungwa, akaambiwa ni kwa sababu ya vumbi. Alimuuliza mama mkwe kama ameona kitu. Mama mkwe, aliyekuwa na mashaka yake kuhusu mkamwana, akamjibu kwamba mtu akitafuta sana hukosa usingizi. Nyumba ikawa ya watu wanaokunywa chai pamoja huku kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake.

Kisha Kijino akaanza kukaa mlangoni pa chumba kile, sikio kwenye ubao, akiitikia, "Mm. Mm." Mama yake akachuchumaa karibu naye akamnong'oneza anaongea na nani.

"Na yule anayelala chini ya kompyuta."

"Ni mwanamke?"

"Mm."

"Anasema nini?"

"Anasema ongeza."

Ungekuwa wewe ungeita watu. Yeye moyo ulimruka kwa jambo jingine kabisa: mtoto amemsikia kimada, ushahidi umepatikana. Alasiri hiyo Mpiga Picha alipoingia bafuni, mkewe alichukua ufunguo katika suruali iliyoning'inia mlangoni, akafungua, akaingia kwa ncha za vidole.

Chumba kilikuwa na mwanga wa mchana na madirisha yamefungwa, na baridi yake ilikuwa ya kuota vipele mkononi. Kwenye kioo harusi ya watu ilikuwa inacheza bila sauti, mashangazi wanarusha mikono. Alitafuta ujumbe, akatafuta picha, akatafuta jina la mwanamke, hakupata hata moja, na alikuwa bado ameinama hivyo, ameudhika kwa kukosa kile alichoogopa kukipata, alipousikia chini ya mashine, ndani ya jiwe lenyewe, mlio mdogo wa mtu anayekunywa chai ya moto kwa kuifyonza taratibu kati ya midomo na meno, akipumzika, akifyonza tena, bila haraka, kama mgeni aliyekwisha kuzoea nyumba na anayejua kwamba birika halijaisha. Mkono wake ukafanya kile ambacho mkono wa mtu yeyote ungefanya, ukakandamiza kitufe cha kuzimia na kukishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Ule mlio ukakoma. Akasimama akisikiliza maji ya bafuni, na gari lililopita nje, na pumzi zake mwenyewe, akaanza kujiambia labda ni masikio yake tu, labda ni feni, ndipo mlio ukaanza upya, polepole vilevile, kwa utamu uleule, ila sasa ulitoka sebuleni, pale kwenye mkeka, alipokuwa amemwacha mtoto.

Alipofika Kijino alikuwa ameketi wima. Uso ulikuwa wa rangi ya nta. Mama mkwe alikuwa amemkumbatia na meno ya bibi pia yalikuwa yanagongana. Mpiga Picha akatoka mbio na povu masikioni, akawapita wote, akaenda kwanza kwenye mashine. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Mashine iliyofanyishwa kazi bila kupumzishwa ilikuwa imekufa, na kitufe kililia tik tik chini ya kidole chake.

Mkewe alikuja akasimama nyuma yake. Hakupaza sauti.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na yule binti tukamfukuza."

Akabonyeza kitufe mara nyingine. Walimfunika mtoto kwa mablanketi yote ya nyumba, na mablanketi yenyewe yakawa baridi.

Aliyeitwa alikuwa Msusi wa mtaa wa pili, ambaye mchana alisuka nywele za watu na akihitajika alitoa majini. Msitegemee mzee wa ndevu nyeupe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, anatafuna ubani, kitana kimechomekwa kichwani. Aliligusa jiwe kwa ukucha, akauliza limetoka wapi, akasema twendeni sasa hivi, jua lisizame tukiwa njiani. Mpiga Picha akalibeba jiwe, mkewe akambeba mtoto, na ndani ya gari vioo viliota ukungu mpaka dereva akaacha mazungumzo yake.

Kwenye gofu Msusi alimlaza Kijino kizingitini, jiwe likawekwa mahali pake, mguu wa mtoto ukiligusa. Akaongea kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mteja ainamishe kichwa. Alimwambia aliyemo amwache mtoto arudi kulala.

Kijino akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, kavu, isiyo na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha.

"Nilikuwa nimelala. Sikujua kama nasikia baridi mpaka mliponipa moto."

"Rudi ulale," Msusi akasema.

"Sirudi na baridi niliyokwisha kuijua."

Msusi aliacha kutafuna. Aliwageukia wazazi akasema yeye kazi yake ni kumwambia atoke, lakini huyu hatatoka mikono mitupu, na aliyemwamsha ndiye wa kumpa cha kuondoka nacho. Mpiga Picha akaanza kupanga maneno. Alisema atanunua laptop mpya, kubwa zaidi, aje aiwashe hapo juu ya jiwe iwake siku zote.

"Umeme hapa utautoa wapi, kaka?" Msusi akamuuliza.

Mkewe alimtazama tu. Mtoto alikuwa ameacha kutetemeka, na mama yeyote anajua kwamba hiyo si nafuu. Basi Mpiga Picha, ambaye siku zote alitafuta mtu mwingine wa kulibeba joto lake, akapiga magoti kizingitini, akaweka viganja vyote viwili juu ya jiwe, akafumba macho. Wakausikia wote ule mlio, mrefu, bila kupumzika sasa, ukifyonza na kufyonza, na kadiri ulivyoendelea ndivyo mashavu ya Kijino yalivyopata rangi, na ndivyo jasho kwenye paji la baba yake lilivyokauka, likakauka, mpaka ngozi yake ikawa kama ya mtu aliyeopolewa mtoni asubuhi. Kisha kukawa kimya. Kijino akalia, akasema ana kiu, akabishana kuhusu kiatu.

Mpiga Picha hakufa. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwao yule dada wa kazi kuomba radhi, binti akaipokea akiwa kizingitini kwao, hakumkaribisha ndani. Bado anapiga harusi, amevaa sweta jua likiwa kali, na wateja wapya wanadhani ni mtindo wa wasanii. Chai anaisikia utamu tu. Mkewe hakumwacha, ila amehamishia godoro lake chumba cha mtoto. Na Kijino siku hizi anakwenda shule, baba ndiye anayempeleka. Wakifika barabarani, mtoto husimama kwanza, akavuta mkono wa sweta yake mwenyewe ya shule mpaka ukafunika vidole vyote, akahakikisha hakuna ngozi iliyobaki nje. Hapo ndipo anampa baba yake mkono wavuke.