Kilichobaki Chunguni

Mtungi ulijazwa jioni, ukafunikwa kwa sahani ya bati. Asubuhi Yasmin alipofunua achote maji ya kunawa uso, ndani mlikuwa mkavu kama mtungi uliotoka tanuruni. Ufa hakuna. Sakafu kavu. Kilicholowa ni ile sahani tu, upande wa ndani, imejaa matone yaliyoning'inia bila kudondoka.

"Mama, umeoga maji ya kunywa?"

"Nioge maji ya kunywa, mimi bata?" Mosi alijibu kutoka chumbani. Sauti yake ilikwaruza. "Hebu niletee kikombe. Koo limenikauka toka jana."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza Kinole, katika nyumba ya juu kabisa, pale migomba inapoishia na midalasini inapoanza. Na lisemwe mapema, asije mtu akamtafuta mchawi: hakuna jirani aliyemroga mtu hapa. Palisemwa uongo. Aliyeusema alikuwa mtoto wa shule mwenye akili timamu, na aliusema mara mbili.

Yasmin alikuwa kidato cha nne. Mtihani wa kemia wa vitendo ulikuwa unabisha hodi, na kwenye mtihani wa majaribio alikuwa ameanguka vibaya. Kukariri alikariri, hata mama yake alishajua kwamba asidi na besi zikikutana huzaa chumvi na maji. Lakini alipopewa bureti, lile bomba jembamba la kioo la kudondoshea asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke, mkono ulitetemeka kana kwamba kashikishwa nyoka. Hakuwahi kuishika kabla. Naye alitaka uuguzi, na bila kemia chuo cha uuguzi hakikufungulii hata geti. Mosi alikuwa anabandua magome ya mdalasini kwenye mashamba ya watu mpaka vidole vikawa vyekundu visivyotakata. "Magome nimebandua mimi," alikuwa akimwambia. "Wewe kabandue vitabu."

Mwalimu Yeremia aliwahurumia. Aliwafungulia maabara saa za jioni, Yasmin na wenzake wawili, Devotha na Abuu. Abuu ndiye aliyekuwa kiongozi wa maabara, mshika funguo.

"Dawa za kujifunzia zipo," Mwalimu Yeremia alisema. "Maji sina. Lile dumu dogo kabatini ni la mtihani, atakayeligusa nitamla nyama. Na ya bomba msiyatumie, yana chumvi zake, yatawadanganya. Tafuteni maji ya mvuke."

Maji ya mvuke hupatikana kwa kuchemsha maji kwenye chombo kilichozibwa, mvuke ukapita kwenye bomba, ukapozwa, ukadondoka upande wa pili ukiwa maji matupu. Kila kisicho maji hubaki chunguni.

Devotha alicheka. "Yaani hiyo tu? Kwetu mtambo upo."

Baba yake, mzee Bartholomeo, alipika gongo kule mgombani, na kijiji kizima kilijua isipokuwa mwenyekiti, ambaye alijua zaidi ya wote.

"Shikamoo baba. Tunaomba mtambo tupike maji."

"Marahaba. Mpike nini?"

"Maji, baba. Ya mtihani."

Bartholomeo alicheka mpaka akaegemea mgomba. "Polisi wananiwinda miaka yote kwa huu mtambo, leo unapika maji! Chukueni. Ila msije mkauharibu kwa usafi."

Abuu akatumwa maji. Mvua ilikuwa imechafua mto, na njia ya tenki la msikiti ni ndefu, basi akakata kona akapanda Mabwe. Chemchemi ya Mabwe inatoka katikati ya mawe, chini ya msitu, na maji yake huoni mwanzo wala mwisho wake kwa weupe. Kila aliyezaliwa Kinole anajua kwamba maji yale yana mwenyewe, na anajua masharti yake: kata ya kwanza unairudisha, na maji yake hayafunikwi. Unaweka jani juu yasimwagike, unashuka nayo wazi mpaka nyumbani. Sababu haielezwi. Watu wanafanya, basi.

Abuu hakurudisha kata. Alizamisha ndoo ya plastiki, akakaza kifuniko ili asilowe shati kwenye mteremko.

"Umechota wapi?" Yasmin alimuuliza.

"Tenki la msikiti."

Wakayamimina chunguni, wakaziba mdomo kwa udongo wa mfinyanzi kama Bartholomeo alivyowaonyesha, wakawasha moto. Chungu kilichemka kwa kelele isiyo ya kawaida. Kiligonga kifuniko chake kutoka ndani, ko, ko, ko, mpaka Bartholomeo mwenyewe akakunja uso. "Pombe yangu haina fujo hivyo," alisema. Lakini maji yalidondoka, ti… ti… ti…, wakajaza chupa kubwa mbili.

Walipofungua chungu, chini palibaki ukoko mweupe. Devotha alitaka kuusugua kwa mchanga.

"Acha," Yasmin alisema. "Swali la pili si ni kuitambua chumvi usiyoijua? Hii hapa. Nitajifunzia."

Akaukwangua, akautia kwenye chupa ya jamu, akakaza kifuniko. Akaenda nao nyumbani, akauweka chini ya kitanda chake. Mwenye maji akalala chumba kimoja naye.

Maabarani alitia chembe ya ule unga kwenye bomba la kioo, akaidondoshea asidi. Povu likapanda. Hilo alilitegemea, chumvi za namna hiyo hutoa povu. Lakini povu lilipokwisha, ndani ya bomba palitoka pumzi, ndefu, ya mtu aliyekuwa amezamishwa na sasa ameibuka.

Devotha akarudi nyuma. "Umesikia?"

"Gesi hiyo."

"Gesi gani inasema haaa?"

"Nyamaza, mwalimu atatutoa."

Tangu siku hiyo maji hayakukaa nyumbani kwao. Ndoo zilikauka. Uji ulikauka sufuriani ukawa ngozi. Kuta za udongo, ambazo kiangazi chote hutoa vumbi, zilianza kutoa jasho, na harufu ikaingia, harufu ya matope ya moto na majani yaliyochemshwa, ile inayokupiga usoni unapobandua udongo kwenye mdomo wa chungu. Halafu ile sauti. Ti… ti… Yasmin alipanda juu ya kiti akapapasa bati. Kavu. Akatoka nje akasikiliza. Haikuwa nje.

Mosi alikunywa. Alikunywa kikombe, akanywa jagi, akaomba ndoo. Midomo ilipasuka hata hivyo. Zahanati walimtundikia dripu, na nesi alipogeuka kuandika jina, mfuko ulikuwa umesinyaa na mkono wa mgonjwa umekauka kama gome. "Labda inavuja," nesi alisema, akaipapasa shuka. Haikuvuja popote. Akawaambia wampeleke mjini kesho yake. Barabara ya mjini ilikuwa imekatwa na maporomoko.

Magharibi ya siku hiyo ukungu ulishuka mapema. Yasmin alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama yake, daftari mapajani, akirudia kwa midomo tu namna ya kusoma bureti, jicho usawa wa maji, usisome kwa juu, usisome kwa chini, huku akijitahidi kutosikia ile ti… ti… iliyokuwa sasa inakwenda sawasawa na mapigo ya moyo wake, na alipoinua macho aone kama mama amelala akaona kwamba kutoka kwenye kinywa cha mama, na kwenye kona za macho yake, na kwenye viganja vyake vyekundu vilivyofunguka juu ya shuka, unatoka mvuke, mwembamba, kama wa chai inayopoa, unapanda mpaka kwenye bati, unatambaa chini ya bati kama kitu kinachojua njia, unavuka ukuta mfupi wa katikati na kuteremka upande wa pili, kwenye chumba chake yeye, chini ya kitanda chake yeye, na huko ndiko kunakodondoka.

"Mama," alinong'ona.

Mosi alifungua macho. Hayakuwa na unyevu hata kidogo. Kope zilikwaruza zilipopanda. Na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu aliyewahi kumwita Yasmin mwanangu.

"Mlinipika," ilisema.

Mwaisha aliletwa alfajiri, Devotha na Abuu wakiwa wameshafika kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa mganga wa bondeni, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyeuza pilipili manga gulioni na kutibu watu kati ya mteja na mteja. Alifika mlangoni, akanusa, akakataa kukaa.

"Sipotezi ubani wangu hapa," alisema. "Nani kaenda Mabwe?"

"Hakuna, bibi," Yasmin alisema. "Sisi tulichota…" Akageuka. Devotha naye akageuka. Abuu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Abuu!"

"Njia ya tenki ilikuwa mbali," Abuu alisema.

"Mbali!" Mwaisha alimkodolea macho. "Kifuniko uliweka?"

"Nilikaza."

"Mkachemsha?"

"Tulichemsha, bibi. Tukatenga maji yake, na kilichobaki…" Yasmin akaingia chumbani, akatoka na chupa ya jamu ameishika kwa kanga. Kioo kilikuwa cha moto. Unga ulikuwa umelowa, na ulikuwa mwingi kuliko aliouweka.

Mwaisha hakuugusa. "Basi mnajua kazi yenu vizuri kuliko mnavyodhani. Mmemtenga mwenye maji na maji yake. Yeye huku, maji kule. Sasa anajitengenezea mengine, na maji yaliyo karibu ni mama yako. Rudisheni. Huo unga na maji yenyewe."

"Mengine tulishayamwaga, tukijifunza," Devotha alisema.

"Yaliyomwagwa chini yatafika, ardhi inajua njia. Nasema yaliyofungwa. Yote. Akirudi kwake akakuta pamepungua, atatoka kufuata yaliyobaki, na huko hatachagua mtu. Yako wapi?"

"Shule," Abuu alisema haraka. "Ilibaki chupa moja. Naifuata mimi, funguo ninazo."

Alichelewa. Aliporudi alikuwa anahema, shati limelowa mabega kwa mvua, chupa imejaa mpaka shingoni.

"Ndiyo yote?" Mwaisha aliuliza.

"Yote, bibi."

Yasmin aliipokea. Aliinua chupa kwenye mwanga, mazoea ya maabara tu. Ndani, katikati ya yale maji, ilikuwa inaelea chembe nyekundu ya kutu. Kutu ya bati. Maji ya mvuke hayana kutu; yangekuwa nayo yasingekuwa ya mvuke. Alimwangalia Abuu. Abuu alimwangalia kwa macho ya kuomba. Ndani Mosi alikohoa kikohozi kikavu, cha magunzi yanayosuguana, na mtihani ulikuwa kesho.

Yasmin alifumba mdomo.

Wakapanda Mabwe na ukungu. Mwaisha akasema aliyoyasema, kwa Kiluguru na kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu anayemwomba radhi mkubwa kwa ujinga wa watoto. Yasmin akamimina unga, akamimina chupa. Chemchemi ilinyamaza. Kwa kitambo hata ndege hawakulia. Kisha maji yakapanda, yakalamba mawe, yakazunguka pale alipomwaga chupa kama mtu anayehesabu alicholetewa. Yakashuka.

"Twendeni," Mwaisha alisema. "Msigeuke."

Nyumbani Mosi alikuwa ameketi kitandani, jasho linamtiririka, analia machozi ya kweli na kuyalamba kwa kucheka. "Mwanangu, yana chumvi," alisema. "Machozi yangu yana chumvi!" Mtungi usiku ule ulikaa na maji yake. Yasmin alilala kama gogo, na akaamka akijiambia kwamba kutu inaweza kuingia popote.

Kweli yenyewe ilikuwa hii. Siku chache nyuma Abuu alikuwa amelishusha dumu la mtihani kabatini kulifuta vumbi, likamponyoka, likamwagika lote. Kwa kumwogopa Mwalimu Yeremia alilijaza kwa maji yao, ile chupa iliyobaki yote, akakaza kifuniko akarudisha kabatini. Alichowaletea mlangoni kilikuwa maji ya mvua, aliyoyakinga kwenye bati la darasa.

Yasmin aliikisia kweli hiyo pale alipoingia maabara asubuhi ya mtihani. Dumu lilikuwa mezani, mbele, limechotwa nusu. Kila mtahiniwa alikuwa na chombo chake kimejazwa kutoka humo. Abuu alikuwa meza ya tatu, kichwa chini.

Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, akasema waanze.

Mkono wa Yasmin haukutetemeka. Jicho usawa wa maji. Tone, tone, tone. Rangi ikageuka palepale inapotakiwa, rangi nzuri ya ua changa, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Akafunga bomba la bureti.

Ti…

Akalikaza zaidi. Ti… ti…

Jua lilikuwa kali nje, lakini vioo vya madirisha vilikuwa vinaingia ukungu, kutoka ndani. Harufu ya matope ya moto ikapita kati ya meza. Msimamizi alilegeza tai, akalamba midomo, akamaliza chupa yake ya maji ya kunywa kwa funda moja na kuitikisa kwa mshangao. Devotha akaanza kukohoa. Mtu wa nyuma akaanza kukohoa. Abuu alikuwa analia na hakuna kilichotoka machoni pake.

Yasmin aliangalia ile rangi mbele yake, jibu sahihi la kwanza alilowahi kulipata. Akisema neno, mtihani utavunjwa, na geti la chuo litafungwa na yeye nje. Akaviona vidole vyekundu vya mama yake vimefunguka juu ya shuka.

Akanyoosha mkono.

"Unasemaje?" Sauti ya msimamizi ilikwaruza.

"Mwalimu, lile dumu. Ni maji ya watu. Niruhusu niyarudishe, nitakueleza njiani, hata ukinifutia mtihani."

Vichwa vyote viliinuka. Msimamizi alikwenda mezani akalinyanyua dumu. Lilipanda kwa wepesi mpaka akapepesuka. Akafungua kifuniko, akakigeuza. Upande wa ndani ulikuwa umejaa matone yaliyoning'inia bila kudondoka.

Alimgeukia Yasmin, akafungua kinywa amjibu.

Kilichotoka ni mvuke.