Saa ya Kwenye Kona

Jumamosi asubuhi Chapuchapu alideki sebule, akaosha vyombo, akaanika sare zake za shule, kisha akaifungua kompyuta ndogo ya mama yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu alipojua kutembea alifanya kila jambo mbiombio, ndiyo maana mama yake akampa jina hilo, nalo likamganda. Shangazi, ambaye huja kulala naye wakati mama yuko zamu ya usiku, alikuwa ameshakwenda kazini.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja. Mchezo wa kompyuta ni Ijumaa kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na moja, na Jumamosi baada ya kazi za nyumbani kwa muda kama huo. Ulikuwa mchezo wa kujenga mji, na Chapuchapu alikuwa amebakiza nguzo mbili tu daraja lake likamilike.

Alibofya alama ya mchezo. Kiduara kilizunguka weee, kisha yakatokea maneno: "Imeshindikana kuthibitisha. Jaribu tena." Akajaribu tena. Akaizima kompyuta na kuiwasha. Akaufuta mchezo wote, akaupakua upya na kusubiri mpaka shingo ikamuuma. Maneno yakarudi yale yale, hata nukta haikubadilika.

Mama yake aliingia saa mbili na nusu, viatu mkononi. Alikuwa muuguzi, na usiku ule wodi ilikuwa imejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipishe hapo kidogo, niangalie ukurasa wa mtihani, halafu nilale hata kwa muda wa saa mbili."

Mtihani huo ulikuwa wa mwisho katika masomo yake ya ukunga. Alikuwa amesoma mwaka mzima, daftari kwenye mapaja, macho yakimtoka. Ungefunguliwa saa sita mchana na kufungwa saa saba, na ulifanywa kwa kompyuta tu, simu haikukubaliwa. Mama aliandika neno lake la siri. Kiduara kikazunguka, kisha: "Imeshindikana kuthibitisha."

Aliyasoma tena maneno yale. Kisha akavaa tena viatu.

"Twende kwa fundi," alisema. "Kulala nitalala nikifa."

Fundi alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, maarufu kwa jina la Mama Bisibisi. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, viti viwili, na kompyuta zilizofunuliwa matumbo. Aliipokea mashine, akaiwasha, na kabla ya kugusa chochote akamgeukia Chapuchapu.

"Mama yako ananiambia wewe ndiye uliyeitumia mwisho. Kabla haijagoma, uligusa nini?"

Chapuchapu alihisi masikio yakipata moto. Alikumbuka vizuri alichogusa. Jana jioni mama yake alikuwa amejilaza chumbani, na saa kumi na moja ilipokaribia, yeye aliirudisha nyuma saa ya kompyuta, ili mama akija kuchungulia aone muda bado upo. Mara mama akaita kutoka chumbani: "Saa kumi na moja na dakika kumi hii, bado uko hapo?" Kwa hofu aliandika harakaharaka 11:10, kama alivyosikia, akafunika kompyuta. Saa si alikuwa ameirekebisha? Basi kulikuwa na haja gani ya kujianika mbele za watu?

"Sikugusa kitu," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama Bisibisi alitazama namba kwenye kona ya kioo. Zilisomeka 3:20. "Saa tatu na dakika ishirini," alisema. "Muda tunao."

Akaanza kazi. Alikagua intaneti, ikawa nzima. Alisaka virusi, na shughuli hiyo ikala saa nzima. Alifuta hiki, akasasisha kile, akabadilisha mtandao, akarudi mwanzo. Kila alipomaliza jambo alijaribu ukurasa wa mtihani, kisha mchezo, na vyote vikamjibu vilevile. Alivua miwani, akayasugua macho.

"Hii mashine haina ugonjwa," alisema. "Sijui inataka nini kwangu."

Mama alikuwa ameshapitiwa na usingizi kitini. Kichwa kilikuwa kinamwanguka, anashtuka, anakirudisha, kinaanguka tena. Daftari lake la ukunga liliteleza likadondoka sakafuni na hakusikia. Chapuchapu aliliokota. Ukingoni mwa ukurasa mama alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nikifaulu hili, zamu za usiku basi."

Kwenye kona ya kioo namba zilisomeka 5:25. Fundi alizisoma kwa sauti iliyochoka: "Saa tano na dakika ishirini na tano. Itabidi tumwamshe tumwambie imeshindikana."

Chapuchapu alilishika daftari kwa mikono miwili. Aliona aibu, lakini aliona kingine kibaya zaidi: mama yake akiamshwa kuambiwa habari hiyo.

"Nilidanganya," alisema. "Jana niligusa saa. Niliirudisha nyuma ili nicheze zaidi. Halafu mama akaita, nikaandika kumi na moja na dakika kumi, kama alivyosema."

Mama Bisibisi aliitazama tena kona ile. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu.

"Mwanangu, saa kumi na moja jioni kompyuta huandika ngapi?"

"Tano."

"Na sasa hivi, saa tano asubuhi?"

"Kumi na moja." Chapuchapu akatazama kona. "Lakini imeandika tano."

"Imeandika tano, nami mtu mzima nimeisoma hivyohivyo asubuhi nzima nikaridhika. Imepotea kwa saa sita. Inapiga hodi ikisema kwangu ni jioni, na huko inakopiga wanajua ni karibu mchana. Nani atamfungulia mtu wa hivyo?"

Alibofya mara tatu, namba zikawa 11:28. Akajaribu mchezo, na mji ukatokea na daraja lake lenye pengo. Akaufunga. Akajaribu ukurasa wa mtihani, nao ukafunguka kwa utulivu kama vile haukuwahi kumsumbua mtu.

Chapuchapu ndiye aliyemwamsha mama yake, na ndiye aliyemwambia yote. Mama hakupandisha sauti. Aliomba maji ya kunawa uso, na saa sita akaanza mtihani palepale kwenye meza ya fundi, huku Chapuchapu amekaa nje kwenye ngazi.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemaliza maswali yote," alisema. "Mawili sina uhakika nayo. Nilikuwa nasinzia."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Wodini mgonjwa akitufichia alichokunywa, tunampima damu, tunampima moyo, tunampima kila kitu, na kumbe jibu analo mdomoni. Muda unakwenda na hali inazidi kuwa mbaya. Kosa lako la jana lilikuwa la kurekebishwa kwa dakika moja. Jibu lako la leo ndilo lililokula usingizi wangu. Ukikosea, sema mapema, wakati bado jambo ni dogo."

"Nimeelewa."

Walitembea polepole hadi nyumbani. Mama alijitupa kitandani bila kuvua soksi. Zamu ya usiku ilikuwa inamsubiri tena.

"Simu imezima, kwa hiyo kengele sina," alisema, macho tayari yamefumba. "Niamshe saa kumi na moja. Leo wewe ndiye saa yangu."

Chapuchapu aliiweka kompyuta mezani, akaiwasha, na hakugusa mchezo. Alikaa akizitazama namba za kwenye kona zikisogea moja moja, polepole kuliko alivyowahi kuziona. Zilipofika 5:00 alisimama, akaenda mlangoni.

"Mama," aliita taratibu. "Saa kumi na moja."

Mama akaamka, wala hakuuliza kama ni kweli.