Gunzi Mdomoni mwa Bomba

Pampu ya kisima cha Magige iliibwa mchana kweupe, lakini kilichomshangaza Inspekta Elia si kile mwizi alichokichukua, bali kile alichokiacha.

Paneli sita za sola zilisimama mteremkoni, zimefutwa vumbi, zikimeta. Tangi la kileleni, kando ya nyumba, lilijaa hadi shingoni. Bomba halikukatwa, lilifunguliwa kwa spana, na mdomo wake ukazibwa kwa gunzi la hindi ili taka zisiingie.

"Ni wachimbaji wa bondeni, afande," alisema Magige, mlalamikaji. Dhahabu ya Matongo ilimneemesha, akamvutia mama yake maji hadi kilimani. "Maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, yamefurika maji. Na aliyewauzia pampu ni huyu."

Huyu alikuwa Imrani, fundi wa Tarime mjini aliyeifunga pampu hiyo. Konstebo alikwisha kumtia pingu.

"Nani mwingine hapa anajua kuifungua?" Magige alifoka.

"Nilikuachia spana, bosi. Nikakufundisha kuifungua, na mama yako akinishikia bomba."

"Mama yangu ana miaka sabini!"

"Na spana aliishika vizuri kukushinda."

Konstebo akacheka. Inspekta akamtazama, kicheko kikakatika.

"Jana mchana ulikuwa wapi, Imrani?"

"Msikitini, afande."

"Una shahidi?"

"Msikiti mzima. Ilikuwa Ijumaa."

"Baada ya swala?"

"Nilikuwa njiani na pikipiki, kuelekea kwa mteja. Peke yangu."

"Hapo ndipo penye shida."

Hata hivyo, moyo wa Inspekta haukutulia. Mwizi wa machimboni angebeba na paneli, kwa kuwa pampu bila paneli ni jembe bila mpini. Tena mwizi gani hujaza tangi la mwenye mali kwanza? Na lile gunzi! Tangu utotoni kwao Mbalibali, Elia aliyaona magunzi yakiziba vibuyu vya maziwa. Aliyeliweka hapo alitaka bomba lifanye kazi tena.

Boma zima lilikuwa limepekuliwa, isipokuwa kihenge cha Mama Wegesa, mama yake Magige. Kihenge cha mama hakitiwi mkono na mwana wa kiume. Konstebo, Mkurya wa hapo hapo, alikipita kwa adabu, wala hakuna aliyeona ajabu.

Inspekta akaingia nyumbani kwa mama huyo peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti unywe uji."

Aliketi. Ukutani palipangwa magunia manne ya ulezi.

"Mavuno ni mazuri, mama. Mbona ulezi uko ndani, na kihenge kipo?"

"Panya."

"Panya wa kilo ngapi?"

Mama Wegesa akaigeuza kata ya uji mkononi.

"Yule fundi nampeleka mahabusu," Inspekta alisema taratibu. "Jumatatu atafikishwa mahakamani."

Bibi yule akachungulia nje, akaiona mikono ya Imrani imefungwa pingu. Akaiweka kata chini.

"Mfungue. Mtoto wa watu asilale ndani kwa ajili yangu. Pampu nimeichukua mimi. Niliivuta kwa kamba, nikaificha kihengeni."

"Kwa nini, mama?"

"Juma lijalo mwanangu anahamishia mwalo hapa, aoshee mchanga wa dhahabu mlangoni pangu. Anasema maji yapo, ya nini kuhangaika bondeni? Nimemkataza mara tatu. 'Mama, zebaki ni kidogo tu.' Sikiliza, mwanangu. Jua ndilo linalopandisha maji. Kushuka hayahitaji jua. Sumu atakayoimwaga hapa itashukia kisimani, nasi tutaipandisha tena tuwanyweshe wajukuu."

"Ungekuja kituoni."

"Nimshitaki mwanangu? Nilimnyang'anya tu, kama nilivyomnyang'anya kisu alipokuwa na miaka mitatu. Tangi nililijaza kwanza. Linatosha siku nne. Nilidhani akili ingemrudia kabla halijakauka."

Magige alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameyasikia yote.

"Mama, umenifanya mwongo mbele ya polisi!"

"Uongo ni wako. Nani alikutuma kumtaja mtu ambaye hukumwona?"

Magige akainamisha kichwa. Inspekta akatoka, akamfungua Imrani pingu kwa mkono wake mwenyewe, na Magige akamwomba fundi radhi mbele ya wote.

"Malalamiko yako?" Inspekta aliuliza.

"Nayafuta, afande."

"Na mwalo?"

Magige aliwatazama wanawe waliokuwa wakichota maji kwenye tangi.

"Hautapanda huku."

"Basi katoe pampu," alisema mama.

Magige akafika kihengeni, akasita. Kwa miaka arobaini hakuwahi kukitia mkono.

"Mama..."

"Mgongo unaniuma. Leo nimekuruhusu."

Akavua kofia, akainama, akaingiza mkono.

"Taratibu, bosi, usikunje waya," Imrani alisema, naye tayari ameshika spana.

Mama Wegesa alitangulia kisimani. Akalichomoa gunzi, akalipangusa, akalifunga katika pindo la kanga yake.

"La nini tena, mama?" Inspekta aliuliza.

"Nalitunza," akajibu, akimtupia mwanawe jicho. "Wa kwangu huyu namjua."