Chewa Vipofu wa Likoni

Mwaka ule kabla ya Uhuru, chewa waliugua pwani yote ya Likoni. Walikuja maji mafupi wakizunguka kama pia, macho yametanda weupe, kisha wakafa. Bwana Samaki wa serikali alitwambia ni vijidudu, vidogo hata darubini yake haivioni, na kwamba havimdhuru binadamu. Hata hivyo tuliacha kula samaki.

Isipokuwa wifi yangu Zubeida. Alikuwa mja mzito, na kila chakula kingine alikitapika. Alililia samaki mpaka nikamwonea imani. Basi jua likikaribia kuzama nilichukua kikapu nikateremka pwani, labda nipate samaki wengine, changu wazima, kwa wavuvi.

Wavuvi sikuwakuta. Palinuka uvundo tu... na ndani ya uvundo ule, harufu ya udi.

Mwanamke wa buibui alikuwa amesimama majini, maji ya magoti. Chewa wagonjwa walimzunguka. Alikuwa akiwapapasa mmoja mmoja, kama mama anayelaza watoto.

"Shikamoo," nikasema.

"Wataka samaki," alinong'ona bila kugeuka. "Nina mmoja mzima."

"Ni wa nani, mama?"

"Wa Zubeida."

Sikuwa nimemtaja Zubeida.

Akageuka. Macho yake...

Meupe. Yote mawili.

Nilitupa kikapu nikakimbia, nasoma Ayatul Kursiy, ulimi unakwama. Nyuma yangu maji yalikuwa yakilia chap... chap... chap...

Nilipofungua mlango, nyumba nzima ilinuka udi. Zubeida alikuwa amekaa jamvini akilamba vidole. Sahanini mmebaki miba mitupu.

"Ahsante, wifi," alisema. "Yule mama uliyemtuma ni mwema, wallahi. Kaniletea ameshampika."

"Sikumtuma mtu, Zubeida."

Aliinua uso kunitafuta. Akautazama ukuta.

"Mbona umezima taa?"

Taa ilikuwa ikiwaka.

Daktari hakuona ugonjwa. Bwana Samaki alishikilia kwamba vijidudu vile havimwingii mtu, na pengine ni kweli. Mwalimu wa chuoni alimsomea Kurani hata akachoka. Zubeida hakuona tena, lakini alijifungua salama mtoto wa kike, Samiha, macho yake maangavu. Tukashukuru. Chewa nao wakapona, watu wakasahau.

Ila kila magharibi Zubeida huinua kichwa kuelekea baharini, akaitika, "Abee!" Hapana aliyemwita. Tulishazoea.

Jana Zubeida alinyamaza.

Aliyeitika ni Samiha.